Jina Lako Kwenye Mstari wa Mtunzaji

Fungua kompyuta yako yenye Debian au Ubuntu, ingia kwenye dirisha la amri, andika `dpkg -l | wc -l`. Itatokea namba moja. Toa tano, maana mistari mitano ya juu ni kichwa cha jedwali, na inayobaki ndiyo idadi ya vifurushi vilivyomo ndani ya mashine yako. Kwenye laptopu ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo na kusafishwa vizuri, usishangae kukuta 2,000 na ushei. Sasa chagua kifurushi chochote, andika `apt show` ukifuatisha jina lake, ushuke hadi mstari ulioandikwa Maintainer. Kwenye Ubuntu utazame ule wa Original-Maintainer. Pale pana jina la mtu, au la kundi la watu. Huyo ndiye mtunzaji. Hajakutoza hata shilingi, hajui kama upo, na mara nyingi kazi hiyo anaifanya usiku, akishatoka kwenye kazi inayomlisha.

Mwongozo huu ni wa anayetaka jina lake liandikwe kwenye mstari ule. Ninapoandika ninawafikiria watu wa huku kwetu, pwani ya Dar es Salaam: Kimbiji, Gezaulole, Mbutu, Pemba Mnazi, pamoja na wenzetu wa ng'ambo ya kivuko, Temeke na Kinondoni, ambao kompyuta wanaijua, hamu wanayo, lakini wanaona kazi hii ni ya watu wa mbali. Niseme mapema ninachokiamini. Nchi yetu haikosi watu wa kuanzisha programu. Kila mwaka tunazindua kitu, tunapiga picha, tunapongezana. Tunachokosa ni watu wa kubaki na kitu kilekile mwaka wa tatu, wa tano, wa kumi.

Tulishawahi kuonja hili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46, kilikuwa na mradi wa Kilinux. Desemba ya mwaka huo ukatoa matunda: Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu na maelezo kwa Kiswahili, ambayo mtu yeyote angeweza kuinakili na kuigawa bure. Watu walikaa wakabishana neno kwa neno, faili liitweje, dirisha liitweje. Ilikuwa kazi ya heshima na bado najivunia kila ninapoikumbuka. Kisha Oktoba 2005, miezi kumi tu baadaye, OpenOffice toleo la 2.0 likatoka. Menyu zimehamishwa, maneno mapya yameongezwa, madirisha yamebadilika. Yale yaliyotafsiriwa yakawa yanahitaji kupitiwa upya, na toleo lililofuata vilevile, na lililofuata. Kutafsiri ilikuwa hatua ya kwanza. Mtunzaji ni yule anayerudi.

Kazi yenyewe ni ipi

Debian ilianzishwa na Ian Murdock tarehe 16 Agosti 1993, na hadi leo haina mmiliki. Toleo lake la 13, lililopewa jina trixie, lilitoka tarehe 9 Agosti 2025 likiwa na vifurushi 69,830. Ubuntu imejengwa juu yake tangu 2004, na aliyeianzisha, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, mwenyewe aliwahi kutunza vifurushi vya Debian miaka ya 1990. Sehemu kubwa ya vifurushi vya Ubuntu huchukuliwa Debian, kwa hiyo hitilafu ukiirekebisha Debian, mtumiaji wa Ubuntu aliyeko Mbagala naye atafikiwa. Ndiyo sababu nakushauri uanzie huko.

Mtunzaji si lazima awe ndiye aliyeiandika programu. Mwandishi wa asili yuko kwake, anaandika chanzo, akimaliza anakiweka hadharani. Mtunzaji hukichukua, hukipanga kikae na vingine bila ugomvi, hujibu watumiaji, hurekebisha kinapokwama, na kila rekebisho humrudishia mwandishi wa asili.

Kipindi cha maji ya bamvua, pale ufukweni kwetu, utakuta dau limepandishwa juu likalala ubavu. Siku moja nilimkuta mzee amechuchumaa karibu na mkuku, ana nyundo na patasi, anashindilia pamba iliyolowekwa mafuta kwenye mishono ya mbao. Nikamwamkia, nikamuuliza kama dau ni kazi ya mikono yake.

“Hapana, mwanangu. Aliyeliunda alishatangulia mbele ya haki. Mimi nalitia kalafati tu.”

Nikasema, bila kufikiri, kwamba mbao zenyewe zinaonekana nzima kabisa.

“Mbao nzima. Pamba ndiyo inaoza. Jua na chumvi havingoji ubao uoze.”

Programu nayo ni hivyo hivyo. Huenda herufi zake hazijabadilika tangu 2010, ila kila kitu kinachoizunguka kimebadilika. Mei 2024 ilitoka GCC 14, kitafsiri cha lugha ya C, na mambo ambayo matoleo ya zamani yaliyapitisha kwa onyo tu, kama vile kuita kazi (function) ambayo hukuitangaza kwanza, sasa ikayakataa kabisa. Programu za zamani ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka zikagoma kujengwa. Kila moja ilimhitaji mtu aifungue, atafute mstari, atie kiraka.

Au chukua suala la saa. Mashine za biti 32 huhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970, na hesabu hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Baada ya hapo kompyuta hizo zitadhani ziko mwaka 1901. Watu wa Debian hawakungoja. Kabla ya trixie kutoka walipitia mamia ya maktaba za programu wakazibadilisha zihesabu kwa biti 64. Aliyeweka trixie kwenye kikompyuta kidogo cha ARM cha biti 32, cha kuwashia pampu ya kisima, amekwishaokolewa na jambo ambalo hajawahi kulisikia. Nataka uione kazi hii ilivyo: hakuna atakayekupigia simu mwaka 2038 kukushukuru.

Ndani ya folda moja

Kabla hujaomba kazi yoyote, jifunze kusoma kifurushi cha mwenzako. Pakua chanzo cha kitu kidogo kwa `apt source` na uingie kwenye folda iitwayo debian. Kazi ya mtunzaji iko humo. Faili nne zinakutosha kwa mwezi wa kwanza.

Faili la control linasema kifurushi kinaitwaje, kinahitaji nini ili kijengwe, kinahitaji nini ili kifanye kazi, na maelezo yake kwa mtumiaji. Faili la rules ni maagizo ya kujenga, na siku hizi mara nyingi ni mistari mitatu minne, maana programu ya debhelper imebeba uzito wote. Faili la copyright linataja nani ana haki ya kila kipande na kwa leseni gani. Vijana wengi hulidharau hili, na ndilo linalorudisha vifurushi vipya mlangoni kuliko kosa la msimbo, kwa sababu Debian imeahidi tangu Mkataba wake wa Kijamii wa 1997 kwamba itabaki huria, na ahadi hiyo inalindwa kwa kusoma leseni faili baada ya faili.

La nne ni changelog, daftari la safari. Kila toleo lina ingizo lake: namba, nini kimebadilishwa, kwa nini, nani kabadilisha, siku gani, saa ngapi. Namba nayo ina maana. Ukiona 2.1-3, ile 2.1 ni ya mwandishi wa asili, na 3 ni mara ya tatu mtunzaji kuifungasha upya. Soma changelog ya kifurushi cha miaka ishirini kuanzia chini kwenda juu. Utaona watunzaji wakibadilishana, mmoja akimkabidhi mwingine, maelezo yakifupika au kurefuka kufuatana na tabia ya mtu. Sijui somo zuri la programu kuliko hilo.

Kuchagua

Usianze na kifurushi kipya. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu ndilo kila mtu anataka: kuingiza programu yake mwenyewe. Kifurushi kipya kinaongeza mzigo wa miaka, na wewe bado hujapimwa. Anza na kilichopo ambacho kimeachwa.

Weka kifurushi cha devscripts, kisha uandike `wnpp-alert`. Itapitia vifurushi vilivyomo kwenye mashine yako na kukutajia vile ambavyo mtunzaji wake ameviacha, anatafuta wa kumpokea, au anaomba msaada. Kuna kingine kiitwacho how-can-i-help, nacho kinakukumbusha mambo hayohayo kila unapoweka kitu kipya. Katika orodha hiyo tafuta kitu unachokitumia wewe mwenyewe angalau mara moja kwa wiki, kidogo, chenye vitegemezi vichache, na ambacho mwandishi wake wa asili bado anajibu. Kivinjari na kiini cha Linux waachie wenyewe.

Ukishakipata, usikimbilie kukitwaa. Fungua orodha ya hitilafu zake. Zipo zilizoripotiwa miaka mitatu iliyopita zisijibiwe. Chukua moja, jaribu kuirudia kwenye toleo la sasa, kisha andika ulichokiona: bado ipo, kwa hatua hizi, au haipo tena tangu toleo fulani. Fanya hivyo kwa hitilafu kumi. Utakuwa umetoa mchango wa kweli kabla hujaandika mstari hata mmoja wa msimbo, na jina lako litakuwa limeanza kufahamika.

Kwa Kiswahili chetu kuna kazi mahususi. Kipo kifurushi cha hunspell-sw, kamusi ya kusahihisha tahajia, na faili zake zimepewa jina sw_TZ. Kiweke, fungua LibreOffice, andika barua ya ukurasa mmoja jinsi unavyoandika kila siku. Jaribu vitenzi vyetu vilivyobeba viambishi: tusipowaandikia, hayajatufikia, nitakapomkumbusha. Hesabu maneno sahihi yatakayopigiwa mstari mwekundu, yaandike kwenye daftari pamoja na kanuni ya sarufi inayoyazalisha. Kitenzi kimoja cha Kiswahili kinazaa mamia ya maumbo, na mtu asiyekizungumza hawezi kukisia lipi ni halali. Kazi hii inatungoja sisi. Kumbuka tu kwamba kamusi hiyo inatoka LibreOffice, kwa hiyo rekebisho la maneno lipeleke huko. Kwa mtunzaji wa Debian peleka kosa la ufungashaji. Wageni huchanganya milango hiyo miwili, kisha hudhani wamepuuzwa.

Pitia pia mipangilio ya nchi. Andika `sudo dpkg-reconfigure locales`, chagua sw_TZ (UTF-8), kisha `LC_ALL=sw_TZ.UTF-8 date`. Siku na miezi itakuja kwa Kiswahili. Yaangalie kwa jicho la mtu aliyefundishwa kusoma kalenda ya Kiswahili darasa la pili.

Kuandika ripoti

Huku kwetu mtu akianza maneno bila salamu tunamwona hana adabu. Kwenye ripoti ya hitilafu adabu ni kutompotezea msomaji muda. Anza na jambo lenyewe: niliandika amri hii, nilitarajia hivi, kikatokea hiki, toleo ni hili. Bandika ujumbe wa kosa wote, usifupishe. Weka hitilafu moja kwa ripoti moja. Programu ya reportbug itakujazia matoleo ya vifurushi yenyewe, na ripoti inaondoka kama barua pepe.

Mawasiliano ni kwa Kiingereza, na najua hapo ndipo wengi hurudi nyuma. Sentensi fupi zinatosha. Wajapani, Wabrazili na Wafaransa wengi katika kazi hii wanaandika Kiingereza cha kuunga, na wanaheshimiwa kwa usahihi wa wanachosema. Ukijibiwa kwa mstari mmoja mkavu usikasirike; huyo mtu labda ana barua mia zinazomsubiri.

Bando, umeme na kebo

Hali yetu inaruhusu kazi hii kuliko unavyodhani, maana ilibuniwa enzi ambazo intaneti ilikuwa ghali kila mahali. Git inabeba historia nzima ya kifurushi ndani ya mashine yako: unaweza kufanya kazi wiki nzima bila mtandao, ukaunganisha dakika tano kupeleka. Barua pepe nayo hungoja foleni.

Kinachokula bando ni kujenga. Kifurushi lazima kijengwe katika mazingira safi, siyo ndani ya mashine yako yenye vitu vya kila aina. Hili nilijifunza kwa aibu. Rekebisho langu la kwanza lilijengeka kwangu vizuri kabisa, nikalipeleka nikiwa na uhakika, likarudi siku hiyohiyo limekwama: maktaba moja iliyohitajika ilikuwamo kwenye laptopu yangu tangu zamani, na sikuitaja kwenye control. Aliyelikagua alinionyesha mstari mmoja tu wa kosa, na namba yake. Tangu siku hiyo sipeleki kitu bila kukipitisha kwanza sbuild, inayojenga ndani ya mazingira safi, kisha lintian, ambayo husoma kifurushi na kutaja makosa ya kawaida.

Mazingira hayo ya sbuild hupakuliwa mara moja, halafu unayahuisha kidogokidogo. Kama mko watatu wanne mtaani, wekeni apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja: kifurushi kikipakuliwa na mmoja, wengine wanakichukua humo bila kugusa bando. Na kama kwako mtandao ni wa shida kabisa, tumia apt-offline. `apt-offline set` inaandika faili dogo la mahitaji. Unalibeba kwenye flashi, unavuka nalo hadi kwa mwenzako mwenye mtandao wa maana Kijitonyama au popote, anaandika `apt-offline get`, unarudi na furushi lako na kuliingiza kwa `apt-offline install`. Kazi ya asubuhi moja kwa daladala na kivuko, na umeme wa nyumbani unautumia kujengea.

Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Aliyekuwa na chanzo chake kwenye mashine aliendelea na kazi. Jizoeze kana kwamba kebo itakatika wiki ijayo.

Kuaminiwa

Hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo penye moyo wa jambo lote. Kifurushi unachokipeleka kitawekwa kwenye mashine za watu usiowajua, hospitalini, benki, shuleni, kikiwa na mamlaka ya kufanya lolote. Kwa hiyo hutapewa ufunguo wa ghala siku ya kwanza. Utaweka kifurushi chako mentors.debian.net, na mwanachama mwenye haki atakikagua na kukipeleka kwa niaba yako. Huyo tunaweza kumwita mdhamini. Atakurudishia mara tano. Kubali.

Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, maktaba ya usimbaji, upande wa Debian aliondoa msimbo kidogo uliokuwa ukitoa maonyo kwenye chombo cha ukaguzi. Aliuliza kwanza, ila swali na jibu havikukutana. Msimbo ule ndio uliokuwa ukileta ubahatishaji kwenye kutengeneza funguo za siri. Kwa takriban miaka miwili, funguo zilizotengenezwa kwenye Debian na Ubuntu zikawa zinatoka kwenye kapu la uwezekano 32,768 tu kwa kila aina, kapu ambalo laptopu ya kawaida inaweza kulipekua. Luciano Bello ndiye aliyeligundua, likatangazwa Mei 2008, na dunia nzima ikaanza kubadilisha funguo. Hapakuwa na mwizi pale. Palikuwa na mtu mwema aliyerekebisha kitu asichokielewa hadi mwisho. Ukitia kiraka, kipeleke kwa mwandishi wa asili na ungoje akielewe. Akikaa kimya, kimya chake usikihesabu kuwa ndiyo.

Kisa cha xz ni cha namna nyingine. Hii ni programu ndogo ya kubana mafaili, iliyobebwa kwa miaka mingi na Lasse Collin wa Finland. Kuanzia 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alituma viraka vizuri, kwa subira. Mwaka 2022 yakazuka majina mengine yakimsonga Collin: mbona unachelewa, mpe mwingine. Naye alieleza hadharani kwamba nguvu zake ni kidogo na kwamba kazi ile haimlipi. Jia Tan akapewa mamlaka. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1, ya mwanzoni mwa 2024, yakatoka yakiwa na mlango wa siri ndani yake. Yaligunduliwa kwa sababu mhandisi mmoja, Andres Freund, alipokuwa akipima mambo yake kwenye Debian unstable, ile ya majaribio, aliona kuingia kwa ssh kunachukua nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakuridhika mpaka ajue kwa nini. Akatangaza tarehe 29 Machi 2024. Debian thabiti ilikuwa haijafikiwa, maana kifurushi hukaa kwanza unstable kwa siku kadhaa kabla ya kuingia testing, na hakifiki kwa watu wote hadi toleo zima litoke, kila baada ya miaka miwili hivi.

Kisa hicho kinakufundisha kwamba taratibu zile za polepole zinazokuudhi zina kazi. Kinakufundisha pia kwamba mtunzaji aliyechoka na kuachwa peke yake ni hatari kwa wote, na kosa hilo si lake.

Kwa hiyo tengeneza ufunguo wako wa GPG, wa kutilia saini kazi yako, sasa hivi, ingawa hutauhitaji leo. Tengeneza na cheti cha kuubatilisha, ukinakili kwenye flashi mbili, moja ikae kwa ndugu unayemwamini aliye mbali na bahari. Chumvi ya huku inakula vyuma. Kuwa mtunzaji rasmi wa Debian kwa kawaida kunahitaji ufunguo wako utiwe saini na mwanachama aliyekuona ana kwa ana na kukagua kitambulisho chako, cha NIDA au pasipoti. Kwetu hicho ndicho kikwazo kikubwa, kuliko bando na Kiingereza. Mkutano mkuu wa Debian umefanyika Afrika mara moja tu, Cape Town, Julai 2016. Uliza ni nani anapita Dar es Salaam, Nairobi au Kampala. Mikutano hiyo ina fungu la kuwasaidia nauli wachangiaji, liombe bila haya ukishakuwa na kazi ya kuonyesha. Kati ya sasa na siku hiyo mdhamini anakutosha kwa miaka.

Kiasi, na kuachia

Jiwekee muda, saa mbili kwa wiki, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Kifurushi kimoja au viwili. Mtu anayechukua kumi mwaka wa kwanza humwoni mwaka wa pili. Ukiwa mwanafunzi na unahitaji posho, Debian imekuwa ikishiriki Outreachy na Google Summer of Code, ambazo humlipa anayejifunza kwa miezi michache. Huko wanatazama sana michango uliyokwisha kutoa kabla ya kuomba.

Mtafute mwenzako wa pili mapema. Kifurushi chenye majina mawili kinavumilia ugonjwa, msiba, mtihani na harusi. Mkiwa Kimbiji wawili, mmoja akasafiri kwenda Lindi miezi mitatu, kazi haisimami.

Na siku ikifika huwezi tena, sema. Andika kwamba unatafuta wa kukupokea. Asipopatikana, tangaza kwamba umekiacha, kikae chini ya kundi la ubora la Debian hadi mwingine akione. Hakuna anayelaumiwa kwa hilo. Kinacholeta hasara ni kunyamaza miaka miwili jina lako likiwa bado kwenye control, watu wakidhani upo. Kabla ya kuondoka, kwenye faili la README.source andika yale uliyoyajua wewe tu: jaribio lipi hukwama katikati ya kujenga, mwandishi wa asili hujibu siku zipi, kiraka kipi kilikataliwa na kwa sababu gani.

Sasa turudi kwenye mwanzo wako. Ukiamua kukitwaa kile kifurushi ulichokichagua, ripoti yake ya kuachwa ina kichwa kinachoanza na herufi O. Kibadilishe kiwe ITA, maana yake unakusudia kukichukua. Kisha fungua faili la control, ufute jina la kundi la ubora, uandike lako. Tumia `dch` kufungua ingizo jipya la changelog, eleza kwa mstari mmoja kwamba mtunzaji ni mpya, na ufunge kwa namba ya ripoti ile. Programu itatia jina lako, siku na saa yenyewe, na mwisho wa mstari itaongeza tofauti ya saa za mahali ulipo. Pitia maingizo ya waliokutangulia, utakuta +0100, -0700, +0900. Lako litasomeka +0300.